Kivinjari bila bando Kibondo ni pambo tu

Nimepotea kidogo, majaribio yalitubana. Leo nina jambo limenikaa kooni na nalitema kama lilivyo.

Kwenye semina zetu za ualimu siku hizi kuna wimbo mmoja: mwalimu wa sayansi asihangaike kuinstoo kitu, afungue kivinjari, aandike programu humo humo, achomeke bodi, taa iwake. Basi! Wanaouimba wako mjini na waifai ya ofisi. Sisi wa Kasulu na Kibondo, ambako hadi 2022 tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, tunajiuliza: hivi hawa jamaa wamewahi kufundisha darasa ambalo bando ni la simu ya mwalimu?

Haya tuuangalie huo urahisi. Edita ya mtandaoni ya Arduino inataka akaunti, na akaunti inataka barua pepe ya kuithibitisha. Mtoto wa kidato cha pili Kibondo ana barua pepe gani jamani? Halafu unatakiwa kusakinisha kiprogramu kinaitwa Agent, ili kivinjari kiweze kuongea na bodi kupitia USB. (Si mlisema hakuna kuinstoo?) Ukimaliza hayo, programu yako ya mistari 10 haitafsiriwi kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Inasafiri mpaka kwenye seva za watu huko nje, inageuzwa lugha ya mashine, ndipo irudi kuingia kwenye bodi iliyo pembeni ya kiwiko chako. Mtandao ukikata katikati ya kipindi cha dakika 40, kipindi kimekufa, na watoto 50 wanakuangalia.

Sisemi kila cha kwenye kivinjari hakifai. MakeCode ya Microsoft, inayotumika na zile bodi za micro:bit ambazo BBC iliwagawia watoto wa Uingereza mwaka 2016, inatafsiri ndani ya kivinjari chenyewe. Ukishaifungua mara moja mtandao ukiwepo, inaendelea kufanya kazi hata bando likiisha. Inakupa faili, unalinakili kwenye bodi kama unavyonakili wimbo kwenye flashi. Akaunti hulazimiki. Ndiyo maana mtu akinisifia edita namuuliza swali moja tu: inatafsiria wapi? Wengi wanabaki kunitolea macho.

Kwa Arduino, dawa ni ya kizamani na haina aibu: programu ya kusakinisha, toleo 1.8.19 la mwaka 2021, ambalo haliizidi flashi ya GB 1. Mtafsiri wa bodi kama Uno yumo humo humo, na linakubali hata Windows 7, ambayo ndiyo utaikuta kwenye kompyuta nyingi za msaada. Toleo la 2 linataka Windows 10 kwenda juu, na siku ya kwanza linataka mtandao lipakue vifaa vyake. Ongeza kwenye flashi draiva ya CH340, maana bodi nyingi za bei nafuu zinatumia kichipu hicho na kompyuta ya zamani haitaitambua bodi bila draiva. Na kagua kebo! Nyingine zinachaji simu tu, data hazipitishi.

Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa Jambo OpenOffice ya Kiswahili. Ukishakuwa nayo kwenye CD, hukuomba ruhusa ya mtandao ili uandike barua. Leo tunaambiwa kurudi nyuma ndiyo maendeleo.

Mtaala mpya umeanza kutekelezwa 2024, na Sayansi ya Kompyuta imo. Mtoto wa Kibondo atapewa mtihani uleule wa mwenzake wa Masaki. Tukimpelekea mwalimu aliyefundwa kwa kivinjari peke yake, huyo mwalimu ataishia kuchora bodi ubaoni kwa chaki, na mtoto atakariri jina la kitu ambacho hajawahi kukiwasha.

Kwa hiyo walimu wetu wa kozi, kabla hatujaenda TP, kila mmoja apewe flashi yenye vitu hivyo na afundishwe kuvisakinisha kwenye kompyuta isiyo na mtandao kabisa. Flashi tutanunua wenyewe, hata boom likichelewa. Na anayebisha namkaribisha Kibondo aje na kivinjari chake. Bando ajitegemee.