Tuiandikie Miti ya Mjini

Maandishi ambayo miji yetu huyaweka juu ya miti ni ya namna tatu. Kuna tangazo la mganga lililopigiliwa misumari. Kuna chokaa inayopakwa kiunoni kiongozi akitarajiwa kupita (nami, katika miaka yangu ya ualimu, nimewasimamia wanafunzi wengi kwa kazi hiyo, ndoo na brashi mikononi). Na kuna herufi X ya rangi nyekundu. Hiyo ya tatu kila mtu huielewa, hata asiyejua kusoma.

Mwaka juzi X hiyo iliwekwa kwenye mkungu wa mtaani kwetu. Niliiandikia ofisi inayohusika barua ya aya nne, kwa Kiswahili sanifu, nikitaja kivuli, joto na maji ya mvua. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa. Mkungu ukaangushwa Jumatano asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Jioni walizikuta kungu zimetapakaa juu ya unga wa msumeno, wakaziokota na kuzibanja kama siku zote. Hakuna aliyepaza sauti. Tangu hapo najiuliza imekuwaje mti uliotufunika miaka yote hiyo ukakosa hata mtu mmoja wa kuulilia. Jibu nililolipata nalileta kwenu, washairi wenzangu, kwa sababu lawama yake ni yetu: mti ule ulikuwa hauna maneno.

Tazameni yaliyotokea Nairobi. Mwaka 2020, ujenzi wa barabara kuu mpya ulipofika Waiyaki Way, mugumo mmoja mkubwa, unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, ulikuwa uondolewe. Watu walipinga, na mwezi Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe mahali pake. Miti mingine mingi ya njia ile ilikatwa. Kivuli ilikuwa nacho yote. Lakini mugumo, kwa Wakikuyu, ni mti wa ibada, wenye masimulizi na miiko yake, na aliyetaka kuutetea aliyakuta maneno yapo tayari mdomoni.

Pasipokuwa na urithi wa namna hiyo, sanaa inaweza kuutengeneza. Mwaka 1982, huko Kassel, Ujerumani, msanii Joseph Beuys alirundika nguzo za mawe mbele ya jumba la makumbusho, akaweka sharti kwamba kila jiwe litaondoka pale pamoja na mti mmoja wa kupandwa kando yake. Hesabu yake ilikuwa miti 7,000. Wapo walioliona lundo lile kuwa karaha, na karaha hiyo ilikuwa na dawa moja tu, kupanda. Beuys alifariki mwaka 1986. Mti wa mwisho ulipandwa mwaka uliofuata, na aliyeupanda ni mwanawe. Melbourne, Australia, mambo yalikuja kwa bahati: halmashauri iliipa miti yake namba na anwani za baruapepe ili wakazi waripoti matawi yaliyovunjika, na wakazi wakaanza kuiandikia miti yenyewe barua za mapenzi. Sisi tuliokulia katika lugha ambayo hata nguo huzungumza, tunashindwaje?

Maana miji yetu yenyewe imeitwa kwa miti. Dar es Salaam kuna Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mwembe Yanga, Mkwajuni, Mikocheni. Unguja kuna Mkunazini na Mwembeladu; Mombasa, Mwembe Tayari. Kondakta huyaita majina haya mchana kutwa, na abiria hashuki akauliza mwembe wenyewe uko wapi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kanga: kila mti ufungwe kanga moja, na jina la kanga liusemee. Jirani yangu, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, ukiufunga mti kitambaa, kesho tutaletewa ubani na mayai.” Alisema kweli. Pwani mti wenye kitambaa una wenyewe, na sitaki kuwakosesha heshima wanaoamini, wala kuwatia hofu wasioamini.

Basi nimerudi kwenye ubeti. Ubao mdogo, wa ukubwa wanaotumia wachoraji wa Tingatinga, rangi ileile ya kung’aa, picha upande mmoja na tarbia moja upande wa pili. Ufungwe kwa kamba ya katani, si kwa misumari, na kamba ilegezwe kila mwaka kwa kuwa shina hunenepa. Wa kwanza nimeutundika kwenye mkwaju wa pembeni mwa njia panda, ambao nao umekwisha kupigwa X:

Mpita njia simama, uingie kivulini,
Bibiyo aliegama, na mamayo mgongoni,
Sikumtoza gharama, kwa upepo wa jioni,
Leo ninayo alama, nyekundu. Kosa ni nini?

Najua greda halisomi mashairi. Rafiki yangu mmoja, naye mshairi, ameniambia kwamba ninaishusha tarbia kuwa tangazo la barabarani. Simwafiki. Tarbia ilizoea kuimbwa mbele ya watu kabla haijafungiwa vitabuni, na huko mkwajuni imepata wasomaji kwa wiki moja kuliko diwani yangu kwa miaka kumi. Vijana wa bodaboda huegesha chini yake. Juzi mmoja wao alinisimamisha, akanionyesha kwamba mshororo wa tatu, kama nilivyokuwa nimeuandika mwanzo, ulipungua mizani moja. Aliihesabu kwa vidole mbele ya abiria wake. Nimeteremsha ubao, nimerekebisha, na Jumamosi nitaurudisha. Yeye ameahidi kuja na ngazi.