GITARE NI YA SHETANI? SISI TUNAKATAA



Tunaandika juu ya ile palabre inayozunguka shuleni tangu siku nyingi: saa ya muziki ya siku ya posho iendelee ao ifungwe? Kundi moja beko nasema muziki yote isiyokuwa kantike ni ya dunia, na mambo ya dunia haina fasi katika shule ya Kiprotestanti. Kundi lingine wanataka saa ile ibaki, lakini wasikie paka ile muziki mpya ya telefone, ile ambayo mwezi ujao hakuna mtu ataikumbuka. Sisi wa buleteni hatuko na kundi la kwanza. Na kundi la pili pia tuko na neno la kuwaambia.

Tuanze na wale wanaoogopa. Wandugu, ile muziki inaitwa soul, ilizaliwa wapi kama si kanisani? Aretha Franklin alikuwa mtoto wa pasta, alianza kuimba katika kanisa la baba yake kule Detroit. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1972, wakati jina lake lilikwisha kuwa kubwa, aliingia katika kanisa moja la Wabatisti la Los Angeles na kuimba usiku mbili pamoja na pasta James Cleveland na korale yake. Usiku wa pili baba yake mwenyewe, pasta C. L. Franklin, alisimama akasema mbele ya watu. Njo ikatoka albamu Amazing Grace, disiki mbili pamoja. Katika Marekani peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 2, na katika maisha yake yote Aretha hakutoa albamu ingine iliyouzwa kuipita hii. Kumbe albamu kubwa ya malkia wa soul ni ya kanisa! Filme ya usiku zile ilitoka mwaka 2018, na ndani yake tunamuona Mick Jagger wa Rolling Stones amekaa kule nyuma, anasikiliza. (Kwa wenye hawajue: jirani yetu wa Kitwe, Emanyeo Chanda, mwimbaji wa kundi la rock WITCH, njo kwa huyu Jagger alipata jina lake la Jagari.)

B.B. King naye, mutu wa blues, alifundishwa akordi za kwanza za gitare na pasta wa kanisa lao. Mwaka 1970 alipeleka gitare ile katika gereza la Cook County, Chicago, akaimbia wafungwa, na albamu ya siku ile iko mpaka leo. Tunauliza tu: ni wangapi kati yetu tulikwisha kwenda kuimbia wafungwa wa Kasapa?

Lakini yule tunayempenda kupita wote ni Bill Withers, na tutasema juu ya nini. Alizaliwa Slab Fork, kijiji cha mugoti ya makaa katika West Virginia, na baba yake alikuwa mutumishi wa mugoti. Hapa Lubumbashi hatuna lazima ya kuelezewa maana yake. Bill mwenyewe alitumika katika kiwanda, alikuwa anatengeneza vyoo vya ndege. Albamu yake ya kwanza ya mwaka 1971 inaitwa Just As I Am, jina moja na kantike ambayo Waprotestanti wa nchi nyingi wanaijua. Tazameni picha ya mbele: amesimama kwenye kiwanda, mkononi ameshika sanduku yake ya chakula, sawa papa yeyote wa Gécamines anayetoka kazi. Ndani kuna wimbo juu ya mikono ya nkambo yake, mama muzee aliyekuwa akipiga makofi kanisani siku ya yenga. Mutu atuonyeshe shetani iko wapi pale.

Na hawa hawakubaki mbali. Mwezi wa 9 mwaka 1974, B.B. King, Bill Withers na James Brown walikuja Kinshasa, wakaimba siku tatu katika stade ya 20 Mai (leo Tata Raphaël), pamoja na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Ilikuwa kwa ajili ya pigano la Ali na Foreman, ila Foreman aliumia kwenye jicho, na pigano likangoja mpaka tarehe 30 mwezi wa 10.

Sasa ninyi wa telefone. Tuliuliza katika darasa tatu: nani anamjua Mwenda Jean-Bosco? Mikono minne. Aibu! Mtoto wa Bunkeya, alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza wa Afrika ya Kusini, alimkuta Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na akamrekodi. Gitare moja, bila umeme, kidole gumba na kidole cha pili tu, lakini ukisikia Masanga unasema beko wawili wanapiga. Mtaalamu David Rycroft alianza mwaka 1961 kutoa kitabuni maandiko ya ile gitare, nota kwa nota. Bosco akafika Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka 1969 akaimba Newport, Marekani. Alikufa mwaka 1990 kwa aksida ya gari katika Zambia. Na alikuwa anaimba kwa Kiswahili chetu hiki, kile ambacho wengine wanakiona haya mbele ya walimu. Kuna na Edouard Masengo, kuna na Losta Abelo. Hao pia mikono ilikuwa kidogo.

Hatusemi kila disiki ni nzuri. Ziko zenye maneno machafu, na mwalimu akizikataa ana haki. Basi tufanye hivi: kila siku ya posho, mwanafunzi mmoja alete disiki moja, aeleze maneno yake na mutu aliyeiimba, kisha tusikilize na kubishana. Prefe ao pasta wa shule akae pamoja nasi. Na siku ya kwanza iwe ya Bosco.

Tena, tazameni nyumbani chini ya vitanda vya bankambo. Zile disiki nzito za tour 78 zinavunjika, watoto wanazichezea, wengine wanazifunikia mitungi. Zileteni, tutaandika jina la mwenyewe juu ya kila moja na kuzirudisha. Kitu kimoja tu kinatukosea: shule haina mashine ya tour 78. Mutu akiwa nayo nyumbani, hata ile ya kuzungusha kwa mkono, apite kwetu wakati wa rekreasyo.

Wenu wa Buleteni