Sehemu ya 4: Gari la Baba Nuru na kichwa cha Nuru

Juzi niliweka picha ya lile gari dogo la kijani nje ya nyumba yetu hapa Uingereza, meseji zikamiminika. Nusu mnasema shemeji kapata hela. Nusu mnauliza gari la zamani vile la kazi gani wakati Toyota zipo. Najibu leo, ila mjue mwisho wake tutaongelea watoto maana ndo kazi yangu.

Kwanza, hela hakuna. Gari ni MGB GT ya mwaka 1973, Baba Nuru kalinunua kwa mzee mmoja aliyechoka kuinama. Magari ya MGB kwa ujumla yalitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000, kwa hiyo vipuri vipo vingi na bei si ya kutisha kama mnavyodhani. Injini ni ya lita 1.8, kabureta mbili, choki unavuta kwa mkono asubuhi kama unavua samaki. Usukani mgumu unapoegesha. Mvua ikinyesha, unaloa goti moja. Na mie, niliyempigia kelele miezi miwili asilinunue, nakiri nikitoka zamu ya usiku nikaliendesha kwenye barabara za mashambani peke yangu, nafika nyumbani nacheka. Sipingi gari. Mwanaume aliyekuwa anamaliza wikiendi kwenye simu sasa yuko chini ya gari anaimba. Acha aimbe.

Ugomvi wetu ulianza siku aliyompakia Nuru.

Mimi nilikuwa kazini. Akamchukua mtoto wa miaka 5 kwenda kula aiskrimu, kamkalisha kwenye kale kabenchi ka nyuma, bila mkanda, maana nyuma hakuna. Mikanda ya nyuma kwenye magari mapya hapa ilikuja kulazimishwa miaka ya 1980, gari hili lilishazaliwa zamani. Narudi, mtoto amelala saa kumi jioni, kitu ambacho hafanyi kamwe. Namwamsha ananiambia, "Mama, kichwa kinauma, nataka kutapika." Nywele zinanuka moshi.

Baba yake akasema ni jua. Mara ni aiskrimu. Mie nikaenda kufungua ule mlango wa nyuma wa gari, raba yake imekauka na kuchanika upande mzima. Moshi wa ekzosi unafyonzwa ndani kupitia hapo, gari likiwa linatembea na vioo vya mbele viko wazi kidogo. Magari ya umri huu hayana kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa hiyo linatoa kaboni monoksaidi nyingi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mnachonusa ni moshi mwingine unaoongozana nayo. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo inampata mapema, tena yeye ndiye aliyekaa karibu na tundu. Dalili zake ndo hizo: kichwa, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida. Na msidanganywe na kile kipimo cha kubana kidole, hakitofautishi gesi hiyo na oksijeni, kinaweza kusoma 98 mtoto akiwa anaumwa kweli. Inatakiwa damu. Tukampeleka usiku uleule, akapimwa, akawekewa oksijeni, akaamka anaomba chipsi. Nilikaa pembeni ya kile kitanda nikiwa mama tu, unesi wote ulinitoka.

Sasa maoni yangu, na najua wapenzi wa magari watanirukia.

Sheria ya hapa inasema mtoto chini ya miaka 3 hapandi gari lisilo na mikanda, basi. Lakini aliyezidi miaka 3 anaruhusiwa kukaa nyuma bila mkanda kama gari lilitengenezwa bila huo mkanda. Baba Nuru alinionyesha kwenye simu, kwa furaha kabisa. Nikamwambia Baba Nuru, sheria inakuruhusu wewe, haimshiki mtoto. Gari likisimama ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 18 anaendelea na kilomita zake 50 mpaka akutane na kitu. Humo ndani kitu chenyewe ni chuma na kioo.

Jingine, gari likifikisha miaka 40 na halijabadilishwa sana, halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Wenyewe wanaliona zawadi. Mie naona ni kinyume: kitu kadiri kinavyozeeka ndo kinahitaji kuangaliwa zaidi, waulizeni wanaolea wazee. Ukaguzi wa hiari upo, na sasa letu linaenda kila mwaka, hilo nililishinda.

Halafu lile banda la gari. Hapa ndo nawaomba hata nyie mlioko Tanga na Mwanza, ambao babu ana Land Rover ya zamani uani, msinipite. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Baba akipiga msasa, vumbi linashuka sakafuni, mtoto anayetambaa anatia vidole mdomoni. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na mafundi wengi wanapuliza lile vumbi la kwenye ngoma ya breki kwa mdomo au kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, mtoto awe mbali, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda yana ladha tamu, na ni sumu. Na petroli kwenye chupa ya soda, jamani! Nimefanya kazi wodi ya watoto nyumbani, najua mnanielewa. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Raba mpya imefungwa, ekzosi imebadilishwa, kuna kile kidude cha kulia gesi ikizidi. Baba Nuru ananiuliza lini Nuru atapanda tena. Nimemwambia akifikisha sentimita 135 kwenda juu, akae kiti cha mbele, mkanda umekaa begani vizuri. Kapima mlangoni kwa penseli, bado sentimita 23. Amenuna siku mbili. Nuru pia.

Maswali ya siti za watoto wachanga nitayajibu Jumapili. Leo naingia usiku.