Akaunti Iliyofichwa: Mzazi, Unamwachia Nani Ufunguo?



Ndugu zangu Waislamu, siku hizi fundi wa kompyuta akiitwa nyumbani, dawa yake ni moja kwa kila ugonjwa: anaiwasha ile akaunti iliyofichwa ya Administrator, anaiacha bila neno la siri, analipwa, anaondoka. Baba anafurahi, kompyuta "haisumbui tena". Mimi nasema huko si kutengeneza, ni kubomoa.

Katika Windows XP ya mwaka 2001 akaunti hii ilikuwa hai ingawa haikuonekana, na nyumba nyingi hazikuiwekea neno la siri. Kijana aliyejua kuwasha kompyuta kwa Safe Mode alijipitia tu. Kuanzia Vista ya 2007 Microsoft waliizima, na hawakuizima bure. Isipobadilishwa mipangilio, akaunti hii haiulizwi chochote. Programu yoyote ikifunguliwa humo, hata virusi vilivyokuja na flashi ya jirani, inapata mamlaka yote papo hapo.

Lile swali la kompyuta, "je, unairuhusu programu hii?", ndilo mnaloliita usumbufu. Jamani, hiyo ni hodi! Surat an-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na watoto wetu wenyewe waombe idhini katika nyakati tatu za faragha. Vipi leo hodi ituudhi?

Kisha mnawalaumu vijana. Umemfungulia mtoto akaunti yake, ukaweka kichujio cha intaneti, halafu mlango wa nyuma ukauacha wazi. Akiingia kama Administrator ataondoa kichujio, atabadilisha maneno ya siri ya wenzake na kufungua mafaili ya mama yake. Kosa ni lake, lakini ufunguo alipewa na nani?

Wapo wanaouliza: "Na nikisahau neno langu la siri?" Swali ni la haki, na jibu lipo. Fungua akaunti ya pili ya msimamizi kwa jina lako, iwekee neno la siri, liandike na ulifungie pamoja na hati za nyumba. Kazi za kila siku wote watumie akaunti ya kawaida, na baba pia! Fundi akiihitaji ile iliyofichwa, aiwashe mbele yako, na kabla hujamlipa aizime kwa amri hii, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi: net user administrator /active:no

Nanyi wanafunzi mnaojua mambo haya, msiwafundishe wadogo zenu njia za panya. Elimu ni amana. Kaeni na wazazi wenu leo, mwaonyeshe mlango ulio wazi, muufunge pamoja.

Wabillahi tawfiq.