Tuanzie Wapi? Funzo la Distribyuta kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mwalimu aliyekwisha kutaja hatua zote za kazi kwa utaratibu amekwisha kufundisha. Sisi tunaona kwamba dhana hiyo ina kasoro, na twapenda kuieleza kwa mfano ambao huenda ukaonekana kuwa mbali na darasa la shule ya msingi, yaani kazi ya kuunga upya distribyuta ya injini ya gari la zamani.

Gari tulilolitumia katika karakana ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Gari la aina hiyo lilishinda Mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, na la mwisho liliundwa nchini Mexico mwaka 2003. Injini yake ina silinda nne, na kila silinda huhitaji cheche ya umeme kwa zamu yake. Kazi ya distribyuta ni kugawa cheche hizo. Ndani yake mna pointi ambazo nundu za mhimili huzifungua na kuzifunga. Zinapofunguka, koili hutoa umeme mkali, na rota inayozunguka chini ya kifuniko huupeleka kwenye waya wa silinda inayongoja. Kranki ikizunguka mara mbili, rota huzunguka mara moja tu. Utaratibu wa zamu ni 1-4-3-2.

Tuliwapa wanachuo watatu kazi ya kuifungua distribyuta, kuisafisha na kuiunga tena. Walitoa waya wa betri kwanza, kama ipasavyo. Walipokuwa wakiunga walipaka grisi kidogo tu penye nundu, kwa kuwa grisi ikizidi huchafua pointi. Waliupima mwanya wa pointi wakaupata milimita 0.4 nundu ilipozifungua kabisa. Waliirudisha rota na kifuniko, wakachomeka waya huku wakihesabu kwa sauti: moja, nne, tatu, mbili. Hapakuwa na hatua waliyoiruka. Hata hivyo injini ilikataa kuwaka; ilipiga kishindo kupitia kabureta, ikanyamaza.

Mmoja wetu alikwisha kuinyosha mkono ili azitoe waya na kuzichomeka mwenyewe. Tunakiri kwamba tulikaribia kuiharibu saa nzima ya mafunzo kwa haraka hiyo. Badala yake tuliwauliza wanachuo swali moja: "Mlianzia wapi?" Walinyamaza. Kisha mmoja aliondoa kifuniko, akaizungusha injini kwa mkono mpaka alama ya puli ikalingana na mstari wa ungio la injini, na rota ikaelekea kwenye mkato mdogo ulio ukingoni mwa distribyuta. Mkato huo ndio mahali pa silinda ya kwanza. Wao walikuwa wameanzia upande wa pili kabisa. Utaratibu wao ulikuwa sahihi, lakini mwanzo haukuwa sahihi. Kwa hiyo kila cheche ilifika wakati pistoni imemaliza kutoa moshi, si wakati imebana hewa na petroli. Wahenga walisema kwamba mwanzo wa ngoma ni lele.

Sasa na tuingie darasani. Mtoto anaandika 52 kutoa 38, anapata 26. Anaandika 45 kutoa 17, anapata 32. Mwalimu mwenye haraka huweka alama ya kosa, huzirudia hatua kwa sauti kubwa zaidi, na baada ya majuma mawili humwita mtoto mzito. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Mtoto huyo hakubahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu, na ameifuata kanuni yake kwa uaminifu. Waya zake zote zimechomekwa kwa zamu. Ila alianzia mahali pasipo pake. Kumrudishia hatua zile zile hakutamsaidia. Atasaidika akipewa mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili pembeni, akaambiwa atoe vinane katika viwili, akaona mwenyewe kwamba hana budi kufungua fungu moja.

Hapa pana jambo la pili. Yuko fundi ambaye hutumia taa ndogo ya majaribio kuitegesha distribyuta. Huiunga kati ya waya wa pointi utokao kwenye koili na bodi ya gari, hufungulia swichi bila kuiwasha injini, kisha huigeuza distribyuta polepole. Pointi zinapoanza kufunguka, taa huwaka. Fundi haulizi mtu kama amepatia. Taa yenyewe humjibu. Vijiti vya hesabu ni taa ya namna hiyo. Mtoto anayeweza kujihakiki hamtegemei mwalimu kwa kila jibu, na wala hamwogopi.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba magari ya siku hizi hayana distribyuta, na kwamba shule yenye watoto wengi na vifaa vichache haiwezi kuwa karakana. La kwanza ni kweli, lakini tuliichagua kwa sababu inafunguka, na kila sehemu yake inaonyesha kazi yake kwa macho. La pili si hoja ya kutosha. Tochi, pampu ya baiskeli na kandili vinapatikana vijijini, navyo vyafunguka na kuungwa. Tena vijiti havinunuliwi.

Tunawashauri basi wanachuo mtakaokwenda mazoezini mwaka huu: kabla ya kulisahihisha kosa, tafuteni mahali mtoto alipoanzia. Mwombeni aifanye kazi mbele yenu huku akisema anachofikiri, nanyi mikono yenu ikae nyuma. Saa hiyo itaonekana kuwa ndefu. Wale wanachuo watatu walihamisha waya zao nne wenyewe, na injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kama tungalizihamisha sisi, ingaliwaka vile vile, nao wasingalijua kwa nini.