Kabini ya lori ndiyo nyumba ya dereva Tunduma

FOLENI ya malori yaendayo Zambia na Kongo humgeuza dereva kuwa mkazi wa barabarani mjini Tunduma, mkoani Songwe. Kabini huwa nyumba: godoro, jiko dogo la gesi, dumu la maji na chandarua.

Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 5, 2019, kiliunganisha ukaguzi wa nchi mbili ili kupunguza kusubiri. Hata hivyo, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde Mei 2020 kutokana na corona, ilidhihirika kwamba forodha ya kisasa pekee haimpatii dereva choo wala maji.

Foleni isipimwe kwa shehena tu. Maegesho salama na bafu ni miundombinu ya biashara, sawa na lami na mizani.