Daftari la Wiki: Namba Isiyopikwa

Jumatatu mpwa wangu alifika nyumbani amenuna, ripoti ya maabara mkononi. Anasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kozi ya fizikia ndiyo inayomkesha. Jaribio lilikuwa la pendulamu: unaning'iniza kitufe cha chuma kwenye uzi wa mita 1, unakivuta kidogo pembeni, unaachia, unapima muda wake wa kwenda na kurudi, kisha unakokotoa ile g ya mvutano wa dunia. Kundi lao lilipata 9.74. Wenzake wakataka waandike 9.81, maana ndiyo iliyomo kitabuni. Yeye akagoma.

"Mjomba, kwani tukiandika tulichopima tutakatwa maksi?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima.

*

Kwanza hiyo 9.81 yenyewe. Dunia haivuti kwa nguvu ileile kila mahali. Inazunguka, na katikati imetuna kidogo, kwa hiyo kwenye ikweta g ni karibu 9.78 na kwenye ncha zake ni karibu 9.83. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, na g yake ni takriban 9.78. London ndiko kwenye 9.81. Kijana wa hapa anayepika data ili afike 9.81 ameandika mvutano wa London, ilhali uzi wake ulikuwa unabembea Dar.

Na ile 9.74 ya kundi lao haikuwa mbaya hata kidogo. Walikadiria kwamba wanaweza kuwa wamekosea kwa 0.1 juu au chini. Ndani ya mipaka hiyo jibu la kweli limo. Hicho ndicho kipimo cha uzi na stopwochi kinachoweza kusema, na kimesema kweli.

*

Jumanne nilimwomba anieleze kwa nini wanahesabu mibembeo 20 badala ya mmoja. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kufundishwa. Kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza stopwochi kwa sehemu kama 0.2 ya sekunde. Mbembeo mmoja wa uzi wa mita 1 huchukua sekunde 2, kwa hiyo kuchelewa huko ni asilimia 10 ya muda wote, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe katika kanuni, kosa la g linafika karibu asilimia 20. Ukihesabu mibembeo 20, kidole kinachelewa vilevile, lakini sasa kuchelewa kumegawanywa katika sekunde 40, na kosa la g linashuka hadi asilimia 1. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Wamefikiri tu. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa sekondari angelifanya jaribio hili kwa mikono yake kabla ya kukariri kanuni yoyote.

*

Kazi za nyumbani siku hizi ziko mtandaoni. Mfumo unampa kila mwanafunzi swali lilelile lenye namba tofauti, unapokea jibu likikaribia lile sahihi, na unafunga saa tano na dakika 59 usiku. Vyuo vya Marekani vilianza mambo haya miaka ya 1990. Sifa yake kubwa ni kwamba mwanafunzi anajua papo hapo kama amekosa, wala hasubiri wiki tatu daftari lirudi.

Lakini desa limehamia huko pia. Kanuni ya mwisho inarushwa kwenye kundi la simu, kila mtu anapachika namba zake, maksi zinaingia. Watafiti wa MIT walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010: waliozoea kunakili kazi za mtandaoni walifanya vibaya zaidi kwenye mitihani, hasa kwenye maswali yanayodai kukokotoa kwa herufi badala ya namba. Nimemsomea mpwa wangu. Amesema wenzake wanalijua hilo, ila bando likiwa linaisha na saa zimeyoyoma, mtu anaokoa maksi kwanza. Ninawaonea huruma. Hata hivyo sapu, yaani mtihani wa marudio, haina huruma.

*

Alhamisi, kwa sababu ya swali lile la Jumatatu, nilirudia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye friza kutengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alimpa fundi wa maabara yake kazi ya kupima, na fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja.

Mabishano kama kweli maji ya moto huganda kwanza hayajaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Hilo halimpunguzii heshima. Aliandika alichokiona, ndiyo maana hadi leo kuna kitu cha kubishania.

*

Kuhusu maabara za vyuo zenyewe, mwaka 2018 watafiti Natasha Holmes na Carl Wieman, huyu wa pili mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001, waliandika kwamba maabara zinazorudia tu yaliyofundishwa darasani hazikuwaongezea wanafunzi chochote kinachopimika kwenye mtihani. Walipendekeza mwanafunzi aachiwe aamue mwenyewe apime nini, arudie mara ngapi, na lini aache kuiamini namba yake.

Mpwa wangu aliwasilisha 9.74, na kosa lake la 0.1, na maelezo ya ukurasa mzima. Matokeo bado. Ninyi wahadhiri na mafundi sanifu wa maabara mnaosahihisha ripoti hizi: toeni maksi kwa maelezo ya kosa kabla ya kuangalia kama namba inafanana na ya kitabu.